Bibi Yakomina na Kuti la Marehemu

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo ni pakawa ya watu walioshiba. Ninyi wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko nami. Hapo zamani, zile zamani ambazo hata babu za babu zetu walikuwa bado hawajapewa majina, mbali huko mashariki ya mashariki, ukavuka bahari moja, ukavuka ya pili, ukavuka ya tatu, kulikuwa na nchi ya visiwa vingi kuliko ndevu za beberu. Indonesia ndiyo nchi yenyewe. Karafuu hizi mnazotia kwenye pilau, asili yake huko. Na katika visiwa vyote hivyo kilikuwapo kimoja cha mwisho kabisa, kidogo hivi, ukipiga chafya pwani ya huku, pwani ya kule wanakuombea afya.

Jina lake msiniulize. Bibi aliyenipa hadithi hii hakunipa jina, na mimi sibandiki jina la uongo.

Kisiwani mlikuwa na kijiji kimoja, nyumba arobaini za makuti juu ya nguzo. Mpunga haukuota. Mahindi hayakuota. Kilichoota ni msago. Msago ni mti wa jamaa ya mnazi, ila chakula chake hakiko juu, kimo tumboni. Unauangusha kwa shoka, unaupasua kwa shoka, unaponda kiini chake, tu, tu, tu. Kisha unakiosha kwa maji na kukichuja kwa kilifu, kile kitambaa cha mnazi, chwaa, chwaa. Unga unatuama chini, mweupe. Mti mmoja unalisha nyumba miezi na miezi.

Sasa mniambie, shoka lilitoka wapi? Kisiwani hakuna chuma. Shoka lilitoka baharini. Mnacheka? Chekeni, nitawangoja.

Mbele ya kijiji palikuwa na mwamba, na kwenye mwamba chaza wenye makombe makubwa yanayong'aa ndani, na majongoo ya bahari yamelala mchangani mazito kama mihogo. Mara moja kwa mwaka kilikuja chombo cha wafanyabiashara. Kilichukua makombe na majongoo, kikaacha mashoka, nguo na dawa za homa. Ndivyo walivyoishi. Walikula msitu, lakini shoka la kuukata walilipata majini. Asiyepiga mbizi hakati mti, na asiyekata mti hali.

Na mwamba ule ulikuwa na sheria. Watu wa kule hawavui ovyo kama sisi tunavyoangua maembe ya jirani. Alikuwapo mlinzi wa mwamba. Chaza wakipungua, mlinzi alisimamisha nguzo majini, akafunga juu yake kuti bichi la mnazi, akapuliza kombe la konokono wa bahari. Puuuu! Mwamba umefungwa. Hakuna mkono, hakuna mguu, hakuna ndoana. Chaza wakikomaa, alikwenda akalifungua kuti lile, akapuliza kombe mara mbili. Puuuu, puuuu! Mwamba umefunguliwa, haya, ingieni.

Na walisema hivi: aliyefunga ndiye afunguaye. Mwingine akithubutu kugusa, tumbo litavimba kama ngoma. Maneno hayo waliyanyonya pamoja na maziwa, na mtu hatapiki alichonyonya.

Mlinzi wa siku hizo aliitwa Matheos. Mtu mpole, mrefu, mwenye mkono wa baraka. Mwaka mmoja aliufunga mwamba kama kawaida. Kuti likapepea, kombe likalia. Haukupita mwezi, homa ikamshika Matheos. Siku ya kwanza alitetemeka, siku ya pili aliweweseka, siku ya tatu akazikwa. Hakusema neno juu ya mwamba.

Mnaona balaa hilo? Aliyefunga ndiye afunguaye, na aliyefunga yumo kaburini.

Watu wakangoja. Walingoja nini, hata wenyewe hawakujua. Kuti likageuka manjano. Likakauka. Likaanza kupukutika. Sasa Matheos aliacha mjane, jina lake Oktovina, na Oktovina alimpenda mumewe mapenzi ya kweli, siyo haya ya kuulizana umeniletea nini. Kila asubuhi alitazama baharini, akaliona kuti la mumewe linanyauka, na moyo ukanyauka nalo. Asubuhi moja hakuvumilia. Alikatiwa kuti bichi, akaingia majini mpaka kiunoni, akalitoa kavu, akafunga bichi.

Kijiji kizima kilimsifu. "Mke mwema huyo," walisema. "Hakuliacha la mumewe lianguke." Wanawake wakamwimbia wimbo. Kuti lile likakauka, akafunga jingine. Likakauka hilo, akafunga jingine. Mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili. Mwaka wa tatu.

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Basi pale liliharibika, tena mbele ya wengi, na kwa nyimbo.

Kwa miaka miwili chombo kilikuja, kikakuta hakuna makombe, kikaondoka na mashoka yake. Na shoka lisilopata mwenziwe huisha. Walilinoa, likapungua. Wakalinoa, likapungua. Mpaka shoka la kuangusha mti likawa dogo kama ulimi wa mbuzi. Mti uliokuwa ukianguka kwa asubuhi moja sasa ulianguka kwa siku nne. Watoto wakalala na njaa, na mwamba umejaa mali hatua hamsini kutoka mlangoni.

Ndipo mwaka wa tatu chombo kikaja tena. Nahodha wake aliitwa Daeng Rapi, mtu wa kisiwa kikubwa, kilemba safi, sauti ya kushiba. Akatazama mashoka yao, akatazama mbavu za watoto, akasema:

"Jamani, mnangoja nini huku mwisho wa dunia? Mimi nina mashamba ya karafuu kisiwa kikubwa. Chombo changu ni kipana. Pandeni nyote. Nitawapa nyumba, nitawapa wali, mtafanya kazi. Nakaa siku tatu natia maji na kuni. Siku ya nne nang'oa nanga."

Hakuwa mtu mbaya, msimchukie bure. Aliona njaa na alikuwa na wali. Lakini pia alikuwa na karafuu nyingi na wachumaji wachache. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, ila mgeni naye ana safari yake.

Mkuu wa kijiji, Mzee Domingus, akainama. Alikuwa mtu wa haki, lakini kila jambo alilipima mara saba, mpaka jambo lenyewe likazeeka. Akasema, "Tutapanda. Tufanyeje?" Na vijana wengi wakafurahi, nisiwafiche. Walichoka. Hata wewe ungechoka.

Mtu mmoja tu aliuliza swali. Huyo ndiye Bibi Yakomina, na ndiye niliyekuja kuwaambia habari zake.

Yakomina hakuwa na cheo. Alikuwa na ulimi. Kibibi chembamba, mdomo mwekundu kwa tambuu, amezaa saba, amezika waume wawili, na anaponda kiini cha msago kuliko mwanamume yeyote wa kijiji. Ukitaka kumwona, nenda kijitoni ufuate sauti, tu, tu, tu. Ukimtania anakutania. Ukimpa pole anauliza kwani nimefiwa na nani leo.

Akamwuliza nahodha, "Mwanangu, tukifika huko kwako, kazi tutakayofanya ni ya nani?"

"Yangu, Bibi."

"Na nyumba tutakazolala ni za nani?"

"Zangu."

"Na siku utakapochoka nasi?"

Nahodha akacheka, akasema Mungu ni mkubwa. Yakomina naye akacheka. "Mungu ni mkubwa kweli," akasema, "lakini yeye hana mashamba ya karafuu."

Watu wakacheka, kisha wakaenda kufunga mizigo. Kwa sababu kuuliza ni kitu kimoja na kujibu ni kingine, na jibu Yakomina hakuwa nalo. Alirudi kijitoni akaponda unga wa njiani. Ndiyo, naye alikuwa akijiandaa kuondoka. Mnadhani wenye hekima huzaliwa na majibu kwapani?

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu asubuhi, jua limekwisha panda, Oktovina akaja kijitoni. Macho yamevimba. Akakaa juu ya gogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umefunga mizigo?"

"Mimi siendi."

Tu, tu, tu.

"Watu wote wanakwenda, Oktovina. Utabaki na nani? Na kaa?"

"Nitabaki na kaa. Siwezi kwenda, Bibi. Nikiondoka mimi, nani atalifunga kuti?"

Tu, tu.

Yakomina aliiweka nyundo chini. Akamtazama Oktovina kama mtu aliyeona nyoka, kisha akaona si nyoka, ni kamba.

"Rudia ulichosema."

"Nani atalifunga kuti."

"Analifunga nani sasa?"

"Mimi, Bibi. Si unajua? Lile la kwanza ulinikatia wewe mwenyewe."

"Nilikukatia mimi," akasema Yakomina. "Mkono huu huu. Masikini mimi, kichwa hiki kimebeba tambuu miaka sitini, akili hakikubeba." Akainuka, akajikung'uta unga. "Twende barazani."

"Kufanya nini?"

"Kuwafungulia watu mizigo."

Baraza lilikuwa limejaa watu, kuku na mikeka iliyokunjwa. Mzee Domingus alikuwa akipanga nani apande kwanza. Nahodha Daeng Rapi amekaa pembeni anakunywa maji ya dafu. Yakomina aliingia akasimama katikati, hakuomba nafasi.

"Domingus," akasema, "kuti la Matheos liko wapi?"

Domingus akanyoosha kidole baharini. "Si lile pale."

"Lile ni bichi au kavu?"

"Bichi."

"Lilikatwa lini?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Siku ya nane leo."

"Na Matheos amekufa lini?"

"Miaka mitatu."

"Basi siku nane zilizopita marehemu alitoka kaburini, akapanda mnazi, akakata kuti, akaingia majini, akafunga, akarudi kulala. Na hakuna hata mmoja wenu aliyemsalimia. Adabu gani hiyo?"

Mtu akacheka, akajiziba mdomo. Domingus hakucheka.

"Bibi, usicheze na sheria," akasema. "Oktovina analibadilisha tu. Kuti ni la mkewe, lakini kufunga ni kwa Matheos. Yeye hakufungua, na sisi hatuna ruhusa."

Lilikuwa neno zito, na wazee wengine wakatikisa vichwa kulikubali. Yakomina naye alilikubali uzito wake. Akatafuna tambuu kidogo.

"Kisiwa chetu kina mawe?" akauliza.

"Tele."

"Matheos alikuwa na nguvu za kusimamisha jiwe?"

"Alikuwa nazo."

"Angetaka kuufunga mwamba milele, asingesimamisha jiwe? Mbona wazee wetu wote, tangu wa kwanza, hawakufunga kwa jiwe, wakafunga kwa kuti? Kuti hukauka. Kuti huoza. Kuti huanguka lenyewe. Walijua kwamba mtu hufa, Domingus. Wakachagua kitu kinachokufa pamoja naye. Kuti la Matheos lilianza kupukutika mwaka ule ule. Lilikuwa linatufungulia, tukamwimbia mjane alizuie. Asiyekuwepo na lake halipo. Lililopo pale ni letu."

Watu wote wakageuka kuitazama nguzo kule baharini.

Kisha ikasikika sauti ndogo. Ilikuwa ya Oktovina.

"Basi ni mimi," akasema. "Miaka yote hii. Watoto walilala na njaa, na ni mimi niliyewafunga."

Akajifunika uso kwa kanga, akalia, na kilio chake kilikuwa kizito kuliko cha siku ya mazishi. Maana siku ile alilia aliyempoteza, na leo alilia alichokifanya kwa mapenzi.

Yakomina akamsogelea. Ulimi wote ule, sasa ukawa laini.

"Wewe ulifunga," akasema. "Mimi nilikata. Hawa waliimba. Mkuu wetu alitazama. Tukigawana kosa hili, fungu lako halitajaza kiganja. Inuka, mwanangu. Aliyefunga ndiye afunguaye, na aliyefunga yuko hai."

"Siwezi, Bibi."

"Unaogopa tumbo?"

"Siogopi tumbo. Nikilifungua, nitabaki na nini cha Matheos?"

Hapo hata Nahodha Daeng Rapi aliweka dafu lake chini.

Yakomina alifikiri. Kisha akasema, "Mume wako alikuwa akifunga, na alikuwa akifungua. Mara ngapi umemwona akirudi kutoka majini, kuti mkononi, watu wanamkimbilia?"

"Kila mara."

"Siku hizo alikuwaje?"

Oktovina akafuta macho. "Alikuwa anacheka," akasema. "Siku za kufungua alicheka tangu asubuhi. Mchana hata kula alisahau kwa furaha."

"Basi miaka mitatu umemkumbuka nusu. Nenda kamkumbuke nusu iliyobaki."

Wakaenda. Oktovina mbele, Yakomina nyuma, kijiji chote pwani. Maji magotini. Maji kiunoni. Bahari ilikuwa baridi na Yakomina alikuwa akiitukana kila hatua. Wakafika kwenye nguzo. Oktovina akashika kamba. Fundo likafunguka upesi, maana vidole vilivyolifunga vilikuwa ni hivyo hivyo. Kuti likatoka mikononi mwake, likaelea. Mkondo ukalichukua.

Akalitazama likienda mpaka likawa doa. Kisha akachukua kombe la mumewe, akalipuliza. Mara ya kwanza pumzi haikutosha, likatoa sauti ya mbuzi mgonjwa. Hakuna aliyecheka. Akalijaza tena.

Puuuu! Puuuu!

Unadhani watu waliingia? Hakuna aliyeingia. Walisimama wote wakitazama matumbo ya wale wanawake wawili.

"Mnatazama nini?" Yakomina akauliza kutoka majini. "Tumbo hili limevimba mara saba, na kila mara lilitoa mtu. Likivimba na leo, mtoto nitamwita Domingus."

Ndipo kicheko kilipopasuka, na miguu nayo ikafunguka. Waliingia wazee, wakaingia vijana, wakaingia mama wenye watoto mgongoni. Wakapiga mbizi, chubwi, chubwi. Chaza waliopumzika miaka mitatu walikuwa wakubwa kama sinia. Majongoo yalijaza vikapu mpaka mishikio ikakatika. Walitoa siku ile, wakatoa siku iliyofuata, na nahodha hakung'oa nanga siku ya nne wala ya tano. Wachumaji wa karafuu hakuwapata, lakini mzigo alioupata hakuwahi kuuona maishani. Akashusha mashoka yote aliyokuwa nayo, akaongeza na la mpishi wake.

"Bibi," akamwambia Yakomina, "nilikuja kuwaokoa."

"Umetuokoa," Yakomina akajibu. "Usingetaka kutuhamisha, Oktovina asingekataa, na mimi ningekuwa bado naponda. Mwaka ujao uje na mashoka mengine. Na uje na wali kidogo, tuone utamu wake."

Nyumba mbili zilipanda chombo hata hivyo. Vijana walitaka kuiona dunia, na hakuna aliyewasema. Miguu ni yao. Walipewa unga wa msago wa njiani, wakaambiwa mwamba upo. Nyumba thelathini na nane zilibaki, na jioni ile zote zilipika.

Zamu ya kufunga mwamba ilipofika, wazee walikaa kumchagua mlinzi. Hawakukaa sana. Walimpa Oktovina. Hakuwahi kuwapo mlinzi mwanamke, na Mzee Domingus alitaka kulipima jambo hilo mara saba, lakini Yakomina alimtazama, akalipima mara moja.

Oktovina akasimamisha nguzo. Akafunga kuti bichi. Akapuliza kombe. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna mlinzi aliyewahi kukifanya. Aligeuka akiwa majini, akawatazama watu wake wote pwani, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Hili ni kuti langu. Likikauka nikiwa hai, nitalifungua kwa mkono wangu. Likikauka nimekufa, mtu asilifunge jingine kwa kunipenda. Mnipende kwa kuliacha lianguke."

Tangu siku hiyo, kila mlinzi wa kisiwa kile akishafunga husema maneno hayo. Na watu wakiulizwa nani aliyewafundisha, hawamtaji mfalme wala nahodha. Wanamtaja kibibi mmoja mwenye mdomo mwekundu, aliyeponda msago.

Haya, wanangu, fundisho mmelisikia, ila nitawatafunia kwa ajili ya wale wa nyuma. Wazee wetu walituachia desturi ili tuishi. Desturi ikianza kutuua, tusimsingizie marehemu. Tutazame kwanza mikono yetu.

Mimi nimefungua yangu, imekwisha. Atakayeipeleka mbele na aipeleke. Utamu auchukue, makosa aniachie mwenyewe.